Wembe wa Streatley

Oktoba 1980 bendi ya The Human League ya mjini Sheffield ilikuwa na jina, ilikuwa na madeni, ilikuwa na ziara ya Ulaya iliyobakiza siku chache kuanza, na haikuwa na wapigaji. Ian Craig Marsh na Martyn Ware, ambao ndio waliokuwa wakipiga na kupanga karibu kila kitu, walikuwa wamejitoa na kwenda kuanzisha Heaven 17. Waliobaki ni Philip Oakey, mwimbaji aliyewahi kuwa mhudumu wa hospitali na ambaye vinanda alivijua kwa kupapasa tu, na Adrian Wright, ambaye kazi yake jukwaani ilikuwa kuonyesha picha za slaidi wakati wenzake wakipiga. Katika kugawana, Oakey alichukua jina la bendi. Pamoja na jina alibebeshwa mikataba, madeni, na ahadi ya kuwapa walioondoka asilimia 1 ya mapato ya albamu itakayofuata. Waandishi wengi wa muziki Uingereza waliona hapo pamebaki mazishi tu.

Mwaka mmoja baadaye albamu ya bendi hiyohiyo ilikuwa namba moja Uingereza, na katikati ya 1982 wimbo wao ulikuwa namba moja Marekani. Ilipofika 1986 walikuwa wakiimba nyimbo walizoandikiwa na wengine, katika mji wa wengine, na wapigaji wa wengine. Habari za kupanda na kushuka namna hii husimuliwa zaidi kwa nguo, ugomvi na nywele, na nywele zilikuwepo za kutosha: Oakey alizikata fupi upande mmoja, za upande wa pili akaziacha zining'inie. Lakini kilichonivuta mimi kwa bendi hii tangu zamani ni kazi ya mtu ambaye hakuwa mwanachama wake, hakuonekana kwenye video zake, na ambaye jina lake wapenzi wengi wa nyimbo zile hawalijui. Anaitwa Martin Rushent.

Kwanza tumalize habari ya wanabendi. Sheffield ni mji wa chuma cha pua, visu na uma, na mwishoni mwa miaka ya 1970 vijana wake kadhaa walichoka na magitaa. Sintesaiza za Korg na Roland zilikuwa zimeanza kushuka bei hadi kijana mwenye kibarua akaweza kununua moja kwa kujibana. The Human League ya kwanza ilitoa "Being Boiled" mwaka 1978 na albamu mbili baada ya hapo, kazi za giza, za watu waliosoma riwaya nyingi za kisayansi. Zilisifiwa, hazikununuliwa. Baada ya mpasuko, Oakey aliingia disko moja la katikati ya mji, Crazy Daisy, akawaona wasichana wawili wakicheza. Walikuwa Joanne Catherall na Susan Ann Sulley, bado wanafunzi wa sekondari, hawajawahi kuimba jukwaani. Akawaomba waende naye ziarani. Wazazi wakakubali. Ian Burden aliletwa kushika vinanda, na baadaye akaja Jo Callis, mpiga gitaa kutoka bendi ya The Rezillos ya Edinburgh, ambaye alipokelewa kwa sharti la kuliacha gitaa lake nyumbani. Kwa hiyo ndivyo walivyokuwa: mwimbaji, mwonyesha slaidi, wanafunzi wawili, na wanamuziki wawili waliopewa ala ambazo hazikuwa zao.

Hao ndio ambao kampuni yao ya rekodi, Virgin, iliwapeleka kwa Rushent mwanzoni mwa 1981.

Rushent alikuwa amezaliwa 1948, akajifunza kazi katika studio ya Advision mjini London tangu ngazi za chini, mpaka akawa fundi mitambo na hatimaye prodyuza. Ndiye aliyerekodi albamu za mwanzo za The Stranglers na za Buzzcocks, kelele za magitaa zilizosafishwa vizuri kuliko zilivyoonekana. Fedha za kazi hizo alizitia katika studio nyumbani kwake, kijiji cha Streatley, Berkshire, kando ya mto Thames, akaiita Genetic. Na baada ya kutajirika kwa magitaa aliamua kwamba magitaa yamefika mwisho. Alinunua mashine za bei ya kutisha, akajifungia nazo akijifundisha. Pete Shelley alipoiacha Buzzcocks, wawili hawa walitengeneza "Homosapien" humo ndani, na sauti ya kazi ile ndiyo iliyowafanya Virgin wamfikirie.

Bendi ilifika na utepe wa wimbo uitwao "The Sound of the Crowd", wakitarajia aunyooshe na kuuchanganya tu. Rushent aliusikiliza, akawaambia wautupe na waanze upya. Napenda sana uamuzi huo. Prodyuza mwingine angeona bendi inayozama na kampuni yenye haraka, akatia viraka, akachukua ujira wake. Yeye alianza na mdundo, kipigo cha kwanza, na kuanzia hapo hadi Septemba 1981 walijenga albamu iliyokuja kuitwa Dare.

Mashine iliyobeba kazi hiyo ni Roland MC-8, iliyotoka 1977. Haina vibao vyeusi na vyeupe vya kinanda. Ina vitufe vya namba na kidirisha kidogo cha tarakimu, na nyuma yake matundu ya waya wa kupeleka umeme kwenye sintesaiza. Haipigwi, inaandikiwa. Kila noti inahitaji namba tatu. Namba ya kwanza ni toni: ukitaka kupanda nusu toni, unaongeza moja. Namba ya pili ni hatua, yaani muda wa kungoja mpaka noti inayofuata ianze. Namba ya tatu ni muda ambao sauti inabaki wazi ndani ya hatua hiyo kabla ya kufungwa. Mstari wa besi wenye noti 16, ambao mpigaji wa kawaida anaumaliza kwa sekunde chache bila kufikiri, hapo unakuwa namba 48 za kubofya moja baada ya nyingine. Ukikosea hatua moja katikati, kila kinachofuata kinasogea na wimbo unachechemea hadi mwisho. Na umeme ukizimika kabla hujahifadhi kazi yako kwenye kaseti, hakuna kitu, unarudi mwanzo.

Ile namba ya tatu ndipo ufundi wote ulipojificha. Tuchukue mfano wa hatua yenye vipande 24. Ukiiacha sauti wazi kwa vipande 23, noti zinagusana na besi inateleza. Ukiifunga kwenye 12, kila noti inapata pumzi yake na besi inaanza kuruka. Ukiifunga kwenye 6, inadona. Mpiga besi wa damu na nyama hufanya haya kwa kuinua kidole, na akiulizwa alifanyaje hawezi kueleza. Rushent ilimbidi aeleze, tena kwa tarakimu, noti kwa noti, na abadilishe kutoka ubeti hadi kiitikio ili msikilizaji asichoke bila kujua kwa nini hachoki. Sikiliza besi ya "Love Action", wimbo wa albamu hiyo, kwa spika nzuri. Inanesa. Mtu aliamua kila mneso huo, akauandika, akausikiliza, akaufuta, akauandika tena.

Namba hizo ziliingia kwenye Roland System 700, kabati la mitambo lenye waya za kuchomeka na kuchomoa, ambapo sauti inatengenezwa kwa mkono na haihifadhiki. Ukimaliza na besi, unachomoa waya na sauti ile imekwenda. Kama kesho unaitaka, uitafute tena, na vifaa vya aina hiyo huhama toni vikipata joto. Katika kundi hilo la mitambo mikubwa kulikuwa pia na Casio VL-Tone, kidude cha plastiki ambacho upande mmoja ni kinanda na upande mwingine ni kikokotoo cha kujumlisha bei sokoni. Ndicho kilichopiga kipande kifupi cha "Get Carter". Fundi aliyetumia mali nyingi kununua kabati zima hakuona haya kutumia kitoto hicho kiliposikika sawa, na hilo linanionyesha masikio yake kuliko orodha yoyote ya vifaa.

Kwa upande wa ngoma walikuwa na Linn LM-1, kazi ya Mmarekani Roger Linn, iliyoanza kuuzwa 1980 kwa karibu dola 5,000. Zilitengenezwa kama 500 tu. Mashine za ngoma zilizotangulia zilitoa milio ya kuigiza, tik na tok za vinanda vya hotelini. Hii ilikuwa na ngoma halisi zilizorekodiwa na kuhifadhiwa ndani ya vipande vya kumbukumbu: ngoma ya mguu, ngoma ndogo, kongo, tari, makofi. Kumbukumbu wakati huo ilikuwa ghali, na toazi kubwa linapovuma huchukua sekunde kadhaa kunyamaza, kwa hiyo Linn aliyaacha matoazi makubwa nje kabisa. Mpiga ngoma yeyote atakwambia toazi ndilo linalofungua mlango wa kiitikio. Lisipokuwepo, lazima mlango ufunguliwe kwa njia nyingine, na katika Dare njia hizo ni za kuhesabika na za kufurahisha: ngoma zinazoporomoka kutoka juu kwenda chini, makofi yanayoingia pale yalipokuwa hayapo, kinanda kinachopanda ghafla, au kila kitu kunyamaza kwa nusu pigo. Kila ngoma katika LM-1 iliweza kupandishwa na kushushwa toni peke yake, na ilikuwa na waya wake wa kutokea. Rushent aliweza kuipa ngoma toni inayokaa na besi, kisha akaichakata kivyake bila kuzigusa nyingine.

Palikuwa na watu waliokasirika. Kwenye chama cha wanamuziki wa Uingereza sintesaiza na mashine za ngoma zililaumiwa kwamba zinawanyang'anya watu ugali, na hofu hiyo siidharau hata kidogo, kwa sababu wapiga ngoma wa kukodiwa kweli walipoteza kazi. Lakini lawama ya pili, kwamba mashine inapiga yenyewe na mtu amekaa tu, haina mguu wa kusimamia. Dare ilichukua miezi. Bendi ya watu wanne wenye magitaa ingeirekodi kwa wiki tatu.

Basi juu ya mdundo huo uliopimwa wakaja waimbaji, na hapa ndipo ninapoona akili kubwa zaidi ya albamu hii. Oakey ana sauti nzito, nzuri, ya mtu anayetangaza jambo zito hata pale ambapo jambo lenyewe ni jepesi. Catherall na Sulley walikuwa na sauti za wasichana wa Sheffield wanaoimba pamoja na redio: hazitetemeshwi, hazipambwi, na mara nyingine zinakaribia toni badala ya kuikalia. Prodyuza mwenye pupa angewabadilisha, au angewafunika kwa waimbaji wa kukodi. Rushent aliwaacha walivyo. Sehemu ya sauti ya Oakey kwenye "Don't You Want Me" ilirekodiwa akiwa chooni, kwa ajili ya mwangwi wa vigae, na wenzake nje wakimfanyia mzaha. Sasa pima matokeo yake. Kila kitu kilicho chini kinatua mahali pake kwa usahihi ambao mkono hauwezi, kisha unaingia ubeti wa Sulley, msichana wa miaka 18, anaimba kama anavyozungumza, na sikio lote linamkimbilia yeye. Ndiye pekee anayeyumba. Usahihi wa mashine umemwachia yeye ubinadamu wote wa wimbo.

Oakey mwenyewe hakuupenda. Wazo la wimbo alilitoa katika hadithi ya jarida la wasichana, akataka uwe mkavu na wenye kinyongo. Callis na Rushent wakaulainisha wakati wa kuuchanganya, na yeye akaona wameuharibu, ukawekwa mwisho kabisa wa upande wa pili, mahali pa kufichia wimbo dhaifu. Virgin walipotaka kuutoa kama singo ya nne alipinga. Akakubali shingo upande, kwa sharti kwamba wanunuzi wapewe na bango kubwa la rangi ili wasione wameibiwa. "Don't You Want Me" ulikaa namba moja Uingereza wiki tano kupitia Krismasi ya 1981, ukauza nakala zaidi ya milioni 1 na nusu nchini humo pekee. Julai 1982 ukashika namba moja Marekani, ukisaidiwa na video ya Steve Barron na kituo cha MTV kilichokuwa hakijatimiza hata mwaka, chenye njaa ya picha. Rushent alipewa tuzo ya prodyuza bora wa Uingereza mwaka 1982.

Wengi wangeishia hapo wakale fedha. Yeye akarudi studio akashika wembe.

Alikuwa amesikia Grandmaster Flash wa New York alivyokuwa akikata na kurudia vipande vya santuri, na akataka kuifanyia hivyo Dare nzima. Kazi hiyo ilitoka Julai 1982 ikiitwa Love and Dancing, chini ya jina la The League Unlimited Orchestra, heshima ya utani kwa okestra ya Barry White. Hakukuwa na sampula za kubofya wala kompyuta ya kukata na kubandika. Kulikuwa na utepe wa sumaku, kipande cha alumini chenye mfereji wa kuulaza, ndani ya mfereji huo mkato wa mshazari wa kuongozea wembe, penseli nyeupe ya nta, na utepe wa kunata.

Utaratibu wake ni huu. Unasogeza magurudumu ya mashine kwa mikono miwili, mbele na nyuma, polepole, utepe ukipita kwenye kichwa cha kusomea, na ngoma inasikika ikiguna kwa sauti ya chini sana hadi uipate sehemu ambapo mguno unaanza. Unatia alama ya penseli mgongoni mwa utepe. Unauondoa, unaulaza kwenye mfereji, unakata kwa mshazari ili mpito usitoe mlipuko. Kwa mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde, wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una sentimita 19 katika kila pigo, na robo ya pigo haifiki sentimita 5. Kwa hiyo muda unapimwa kwa rula. Ukitaka Oakey agugumize neno mara sita, unahitaji nakala sita za silabi ile, kila moja imerekodiwa upya, imekatwa kwa urefu uleule, zote zimepangwa kwenye ukingo wa meza kwa mpangilio ambao ukiuvuruga hakuna alama ya kukuambia kipi ni kipi. Unaziunganisha, unabandika utepe wa kunata, unaupiga pasi kwa kucha. Unasikiliza. Kama ya nne imechelewa unaipunguza upana wa uzi.

Rushent alikadiria kwamba albamu hiyo ina miunganisho kama 2,600. Inadumu dakika 35 hivi, maana yake kwa wastani kuna zaidi ya muunganisho mmoja kila sekunde. Kitu pekee ninachoweza kukilinganisha nacho ni kofia ya mkono ya Lamu au Zanzibar, ile ya vitundu, ambapo kila kitundu kinatobolewa na kuzungushiwa uzi peke yake, na anayeivaa haulizwi vitundu vingapi. Ukisikiliza "Hard Times" ikiingia katika "Love Action" hupati hata mshono mmoja. Unasikia wimbo unaofikiri, unaosita, unaorudi nyuma kuchukua ulichosahau, sauti ikipotea kwenye mwangwi kisha kurudi upande wa pili. Walioikataa Dare kwa kuwa ni baridi wangeanza na hii. Albamu ilifika namba 3 Uingereza, ingawa haikuwa na wimbo mpya hata mmoja.

Leo kijana anayegonga biti Sinza au Kariakoo anaiona robo ya pigo kama kiboksi kwenye skrini, vimepangwa 16 kwa mstari, anabofya anachotaka na kukifuta asichotaka. Vile viboksi ni wajukuu wa namba za MC-8 na vitufe vya LM-1. Sisemi kijana huyo ana kazi rahisi. Uamuzi wa kuacha kiboksi kitupu ni mgumu leo kama ulivyokuwa Streatley. Ila yeye akikosea anabonyeza kitufe cha kurudi nyuma, na wembe haukuwa na kitufe hicho.

Sasa kushuka kwao. Kulianza kwa uvumilivu uleule uliowapandisha, na hili ndilo jambo ninalolisema bila wasiwasi ingawa wapenzi wao wengine humlaumu huyu au yule. "Mirror Man" ulitoka mwishoni mwa 1982 ukafika namba 2. "Fascination" wa 1983 nao ukafika namba 2. Ni singo nzuri, na baina yao kuna kimya cha miezi. Bendi iliyokuwa na ziara za kulipia na madeni ya kukwepa ilikuwa imekwisha. Hii mpya ilikuwa na fedha, na mtu mwenye fedha ana muda wa kurekebisha. Walianza albamu ya kufuatia Dare, wakairudia, wakairudia tena. Nyimbo zilipanguliwa na kupangwa upya mpaka hakuna aliyekumbuka kilichokuwa kizuri mwanzoni. Ilipokuwa Dare, kurudia kulikuwa na mwisho wake: mdundo ukikaa, unasonga kwenye besi. Safari hii kilichorudiwa hakikuwa na kipimo, kwa sababu kipimo chenyewe kilikuwa ni "kama Dare", na hakuna rula ya kupimia hilo. Ukazuka ugomvi, na Rushent akatoka, akaiacha bendi ndani ya studio yake mwenyewe.

Wakaja Chris Thomas na kisha Hugh Padgham, wote maprodyuza wa daraja la juu, wakapokea nyumba iliyojengwa nusu na mtu mwingine. Albamu ilitoka Mei 1984 kwa jina la Hysteria, ambalo waliokuwepo waliona linaeleza vizuri hali ya kazi. Singo ya kwanza, "The Lebanon", ilihusu vita vya Beirut, na ilikuwa na gitaa mbele kabisa. Bendi iliyokuwa imemwambia Callis aache gitaa nyumbani sasa ilimwambia alilete. Singo hiyo ilifika namba 11. Albamu ilifika namba 3, kisha ikaondoka kwenye chati bila kelele.

Na huko nje dunia ilikuwa imesogea. Mwaka 1983 Yamaha walitoa DX7 na viwanda vikakubaliana juu ya mfumo wa MIDI wa kuunganisha ala zote kwa waya mmoja. Kilichomgharimu Rushent akiba yake na miezi ya kujifunza sasa kiliuzwa dukani na kitabu cha maelekezo. Mwaka 1981 ukisikia sauti ya Dare ulijua imetoka wapi. Mwaka 1984 kila tangazo la sabuni lilikuwa na sauti kama hiyo, isipokuwa ile namba ya tatu, ambayo kitabu cha maelekezo hakikufundisha.

Virgin hatimaye iliwapeleka Minneapolis kwa Jimmy Jam na Terry Lewis, waliokuwa wametoka kutengeneza Control ya Janet Jackson. Hawa nao ni mafundi, na wa shule nyingine: wanapiga kwa mkono, wanaandika wenyewe, na mwimbaji anarudia mstari hadi wao waridhike. Callis alikuwa ameshaondoka. Nyimbo kadhaa za bendi ziliwekwa kando, wapigaji wake wakabaki wakitazama. "Human", iliyoandikwa na Jam na Lewis, ikawa namba moja Marekani Novemba 1986. Ni wimbo mzuri sana na sauti ya Oakey haijawahi kurekodiwa vizuri zaidi, lakini ni wimbo wa Minneapolis ulioazima waimbaji wa Sheffield. Wright aliondoka, Burden akafuata. Wamebaki watatu hadi leo, Oakey, Catherall na Sulley, wanaozunguka na kuimba, na mwaka 1995 walipata tena singo ndani ya kumi bora Uingereza, "Tell Me When". Rushent alijiweka kando na muziki kwa miaka mingi, akarudi baadaye kurekodi, ikiwemo albamu ya The Pipettes, na akafariki Juni 2011.

Mtu akitaka nimwonyeshe mahali pa kusikia kushuka huko, simpeleki kwenye "The Lebanon", ambao ni kosa la wazi na makosa ya wazi hayafundishi. Nampeleka kwenye "Louise", singo ya mwisho kutoka Hysteria, Novemba 1984. Ni wimbo wa taratibu wa mwanamume anayekutana na mwanamke waliyeachana zamani, na Oakey mwenyewe amesema ni wale wawili wa "Don't You Want Me" miaka kadhaa mbele. Maneno ni bora kuliko yale ya kwanza. Sauti yake imekomaa. Vinanda viko safi, kila kimoja mahali pake, hakuna cha kulalamikia. Isikilize kisha uirudie ukifuata besi peke yake, kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Noti zote zinadumu urefu mmoja. Ulifika namba 13.